Mkono Ukizeeka, Tuutazame Ubongo

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi ndugu zetu wa jeshi na polisi mlioko makambini, vituoni na katika zamu za usiku, leo katika maelezo yetu ya baada ya habari tunapenda kuzungumzia jambo ambalo kila mwenye bahati ya kuishi miaka mingi atakutana nalo. Jambo hilo ni kupungua kwa wepesi wa vidole. Hatusemi ile nguvu ya kubeba gunia au ya kusukuma gari lililokwama matopeni. Tunasema ule ustadi wa mambo madogo: kufunga kifungo, kutunga uzi katika tundu la sindano, kutia sahihi, kuhesabu noti, kuvua vipande vya bunduki na kuvirudisha kimoja kimoja mahali pake.

Tuchukue mfano. Siku ya Jumapili watu wengi wa Arua huelekea Ediofe, penye kanisa kuu la Jimbo Katoliki la Arua. Tumfikirie mzee mmoja miongoni mwao, askari mstaafu, amesimama mlangoni pa nyumba yake tayari kwa safari hiyo. Koti limepigwa pasi, viatu vinang'aa, lakini kifungo cha juu kinamshinda. Mjukuu wake ananyosha mkono kumsaidia, naye mzee anauondoa mkono huo kwa haya. Miaka 30 iliyopita vidole hivyo hivyo viliweza kufungua bunduki na kuifunga gizani, bila taa. Majirani wakimwona husema, "Ni uzee tu, mikono imechoka."

Kauli hiyo imebeba nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli inaweza kumdhuru mtu. Kwanza, mara nyingi si mkono peke yake uliochoka, bali hata ubongo unaouamuru mkono umebadilika. Pili, si kila badiliko la namna hiyo ni uzee. Mengine ni maradhi, na maradhi mengi yana kinga au tiba. Tatu, hata pale ambapo ni uzee wenyewe, ubongo wa mzee haujafunga mlango wa kujifunza. Mambo hayo matatu ndiyo tunayotaka kuyaeleza.

Mkoa wa West Nile umetoa askari kwa vizazi vingi, tangu zama za King's African Rifles, jeshi la mkoloni lililoundwa mwaka 1902. Kwa hiyo katika vijiji vya Arua na Koboko hakosekani babu, baba au mjomba aliyewahi kushika silaha. Habari ya mkono wa askari mzee ni habari ya nyumbani huko, na kesho itakuwa habari ya kila askari kijana anayetusikiliza usiku huu.

Sasa tuutazame mkono wenyewe. Mkono, kuanzia kiungo cha kifundo hadi ncha za vidole, una mifupa 27. Misuli mingi inayovikunja vidole haimo katika vidole, bali imo katika kigasha, nayo huvivuta kwa kano ndefu kama kamba. Lakini misuli na kano haziamui lolote. Amri hutoka katika ubongo, hupita katika uti wa mgongo, kisha hufuata mishipa ya fahamu hadi kwenye misuli. Katika njia hiyo, chini ya ubongo, nyuzi nyingi za amri huvuka na kwenda upande wa pili. Ndiyo sababu upande wa kushoto wa ubongo huuamuru mkono wa kulia, na upande wa kulia huuamuru mkono wa kushoto.

Katika gamba la juu la ubongo upo ukanda unaotoa amri za mwendo, na kila kiungo cha mwili kina eneo lake katika ukanda huo. Mwaka 1937, huko Montreal katika nchi ya Kanada, daktari mpasuaji Wilder Penfield na mwenzake Edwin Boldrey walitangaza matokeo ya kazi yao juu ya wagonjwa waliopasuliwa wakiwa macho, kwani ubongo wenyewe hausikii maumivu. Waligusa sehemu mbalimbali za gamba hilo kwa umeme mdogo, wakaona ni kiungo gani kinachotikisika au ni mahali gani mgonjwa anahisi kitu. Ramani iliyopatikana ilikuwa ya ajabu. Mgongo na mapaja, ijapokuwa ni makubwa mwilini, yalipewa eneo dogo. Mkono na uso vilipewa eneo kubwa mno. Maana yake ni kwamba ubongo haugawi nafasi kwa ukubwa wa kiungo, bali kwa wingi na uangalifu wa kazi yake.

Ndugu askari, ninyi mnafahamu kwamba kamanda peke yake hawezi kuendesha vita. Hali kadhalika, ukanda huo wa amri una wasaidizi. Nyuma, chini ya kisogo, upo ubongo mdogo. Jina lake lisitudanganye. Kwa hesabu za wataalamu, ubongo wote wa binadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86, na kiasi cha bilioni 69 kati ya hizo zimo katika ubongo mdogo. Kazi yake ni kupima na kusahihisha: mkono ukizidi kulia, yeye huurudisha, kidole kikichelewa, yeye hukihimiza. Ndani kabisa ya ubongo mkubwa zimo seli nyingine, zikishirikiana na zile zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini. Hizo husaidia kuanzisha mwendo na kuufanya uende bila kukwama. Kisha zipo nyuzi za mawasiliano, zilizovikwa ganda la mafuta kama waya uliovikwa mpira, zinazopeleka habari kutoka kituo hadi kituo. Na baina ya ubongo wa kulia na wa kushoto lipo daraja nene la nyuzi ambalo pande hizo mbili hulitumia kupashana habari. Bila daraja hilo, mkono wa kushoto usingejua vema mkono wa kulia unafanya nini, na hata kufunga kamba za viatu kungekuwa shida.

Je, miaka inafanya nini kwa mpangilio huo? Kwa makisio ya wataalamu, baada ya umri wa miaka 40 ubongo hupungua ujazo kwa kiasi cha asilimia 5 kila miaka 10, na baada ya miaka 70 kasi hiyo huweza kuzidi. Watu hawalingani katika jambo hili; wapo wenye miaka 75 ambao ubongo wao umepungua kidogo tu. Gamba la juu hukonda. Ubongo mdogo nao hupungua. Dopamini hushuka. Nyuzi za mawasiliano huharibika ganda lake hapa na pale, na habari iliyokuwa ikifika mara moja sasa huchelewa kidogo. Daraja la katikati likidhoofika, kazi za mikono miwili kwa pamoja ndizo huanza kulalamika. Tuongeze kwamba ngozi ya vidole hupoteza sehemu ya hisi yake, viungo hukakamaa, na macho hufifia. Yote hayo hukutana kwenye kifungo kimoja cha koti.

Wataalamu wana njia rahisi za kuupima ustadi huo. Mojawapo ilibuniwa katika Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, na kutolewa mwaka 1948. Ni ubao wenye safu mbili za matundu, kila safu matundu 25. Anayepimwa hupewa vijiti vidogo vya chuma, naye huvitia matunduni kwa sekunde 30: kwanza kwa mkono mmoja, kisha kwa mwingine, kisha kwa mikono yote miwili pamoja. Hapo awali kipimo hiki kilikusudiwa kuchagua wafanyakazi wa viwandani. Baadaye matabibu na watafiti walikitumia pia kwa wazee na wagonjwa. Siku hizi, kwa kuwa zipo mashine zinazopiga picha ya ubongo kwa nguvu ya sumaku, watafiti huweza kumlinganisha mtu huyo huyo mara mbili: idadi ya vijiti alivyotia, na hali ya ubongo wake. Kwa jumla, mahali ambapo nyuzi na gamba vimetunzika vizuri, vidole navyo huelekea kuwa vyepesi zaidi. Lakini ulinganifu huo si wa lazima kwa kila mtu, na hapa pana jambo la kutia moyo.

Imeonekana kwamba kijana anapotumia mkono mmoja, kazi hufanywa zaidi na upande mmoja wa ubongo. Mzee anapofanya kazi ile ile, mara nyingi huonekana upande wa pili nao umeamka kusaidia, pamoja na sehemu za mbele zinazohusika na fikra na uangalifu. Ni kana kwamba kikosi cha mbele kimepungukiwa na watu, na kamanda amewaita askari wa akiba. Ndiyo maana mzee hufunga kifungo kwa kukikazia macho na kunyamaza, na ukimsemesha wakati huo huweza kukosea. Yeye si mjinga. Kazi ambayo kijana huifanya bila kufikiri, yeye huifanya kwa fikra. Anayemcheka mzee wa namna hiyo hajui kwamba anamcheka mtu anayefanya kazi kubwa zaidi yake.

Hayo ndiyo ya uzee. Sasa tuje kwenye yale yasiyo ya uzee, ijapokuwa huvaa nguo zake.

La kwanza ni shinikizo la damu. Huu ni ugonjwa wa kimya. Damu inayopita kwa nguvu mno mwaka baada ya mwaka huharibu mishipa midogo sana iliyomo ndani ya ubongo, na nyuzi za mawasiliano hukosa lishe. Mtu haoni kitu siku moja. Huona tu kwamba mwandiko umeharibika na mwendo umekuwa mzito, akadhani ni miaka. Kipimo kikionyesha mara kwa mara 140 kwa 90 au zaidi, hapana budi tabibu ahusishwe. Kupima ni kazi ya dakika chache, na dawa zake humezwa kila siku, hata siku ambayo mtu anajiona mzima. Mishipa hiyo hiyo ikiziba au ikipasuka ghafula, huwa ni kiharusi. Mkono mmoja ukilegea ghafula, mdomo ukipinda upande, maneno yakitatizika, huo si wakati wa kungoja asubuhi wala wa kutafuta aliyeroga. Ni wakati wa kumkimbiza mgonjwa hospitali, kwani kila dakika inayopita seli za ubongo zinakufa.

La pili ni pombe kali. Tuseme wazi, kwa kuwa tunasema na watu wazima. Waragi inywewayo kwa wingi kwa miaka mingi hudhuru hasa ule ubongo mdogo tuliousema, yule msahihishaji wa mwendo. Mnywaji huanza kuyumba hata siku ambayo hajanywa, na mkono wake hukosa shabaha anapofikia kikombe. Askari aliyefunzwa shabaha kwa gharama ya taifa, kisha akaiua shabaha hiyo mwenyewe kwa chupa, amejipokonya silaha bila ya adui kufyatua risasi.

La tatu ni ugonjwa wa Parkinson, uitwao hivyo kwa jina la daktari Mwingereza James Parkinson aliyeueleza mwaka 1817. Katika ugonjwa huu, seli zinazotengeneza dopamini hufa kwa kasi kupita ile ya uzee wa kawaida, na sehemu kubwa huwa imekwisha kufa kabla mtu hajatambua. Dalili zake zina sura yake. Mkono mara nyingi hutetemeka ukiwa umepumzika mapajani, na hutulia unapofanya kazi. Mwandiko huzidi kuwa mdogo kadiri mstari unavyoendelea. Uso hukosa mchezo, na hatua huwa fupi fupi. Upo utetemekaji wa aina nyingine ambao huja wakati mkono unaponyanyua kikombe, na huo mara nyingi ni hali tofauti kabisa. Kuyatenganisha hayo ni kazi ya tabibu, si ya majirani. Parkinson haujapata dawa ya kuung'oa, lakini zipo dawa zinazorudisha sehemu ya wepesi wa mkono kwa miaka.

La nne linawahusu watu wa West Nile kwa namna ya pekee, nalo ni malale. Ugonjwa huu huenezwa na mbung'o, na aina iliyokuwa ikisumbua Arua, Koboko, Moyo na wilaya jirani ni ile inayokwenda polepole, ambayo huweza kukaa mwilini miezi au hata miaka kabla ya kuingia katika ubongo. Ukishaingia, usingizi hugeuka, fikra huchafuka, na mikono huanza kutetemeka na kudhoofika. Katika miaka ya 1980, baada ya vita na watu kukimbilia Sudan na Zaire na kurejea, ugonjwa huo uliibuka tena kwa nguvu. Kwa kupima watu vijijini, kuwatibu, na kutega vitambaa vidogo vyenye dawa ya kuua mbung'o kandokando ya mito, umerudishwa nyuma kiasi kwamba mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kuwa aina hiyo ya malale si tena tatizo la afya ya umma nchini Uganda. Huo ni ushindi mkubwa, lakini uthibitisho huo si sawa na kusema kwamba mdudu ametoweka. Mtu wa mpakani mwenye mkono unaotetemeka na usingizi uliogeuka anastahili kupimwa damu.

Wala jina la West Nile halikosi katika vitabu vya dunia vya maradhi ya ubongo. Mwaka 1937, mwaka ule ule ilipotangazwa ramani ya Penfield, watafiti wa Entebbe walipata katika damu ya mwanamke mwenye homa huko Omogo, wilaya ya West Nile, kirusi ambacho mpaka leo kinaitwa kwa jina la wilaya hiyo. Watu wengi wanaoambukizwa na mbu hawaugui sana, lakini kwa wachache, hasa wazee, hushambulia ubongo. Mwaka 1999 kilizuka New York na kuua watu. Basi tukisema kwamba mkono unaotetemeka usidharauliwe, hatusemi jambo la kigeni.

Ndugu wasikilizaji, tumalizie kwa lile la tatu: je, ubongo wa mzee unaweza kujifunza? Watu wa zamani walikwisha kujibu waliposema, ng'ombe hazeeki maini. Mwaka 2008 watafiti wa Hamburg, Ujerumani, walitangaza jaribio lao. Waliwachukua watu wenye umri wa wastani wa miaka 60, wakawafundisha kwa miezi 3 kurusha mipira mitatu hewani na kuidaka kwa zamu, mchezo ambao wengi wetu tumeuona kwa wacheza mazingaombwe. Wachache tu walifikia kiwango ambacho vijana hukifikia. Hata hivyo, picha za ubongo zilionyesha kwamba sehemu fulani za kijivu za waliojifunza ziliongezeka ujazo. Walipoacha mazoezi kwa miezi mingine 3, ongezeko hilo lilififia. Mafunzo ni mawili: ubongo wa mzee hubadilika kwa kazi, nao hurudi nyuma kwa uvivu.

Kazi za mkono hazikosekani katika mkoa huo. Wako wanawake wa Kinubi wa Arua na Koboko, wasukao vikapu vya rangi kwa ustadi ambao hauruhusu kidole kulala. Wako wapiga adungu, ambao kila uzi una kidole chake na kila kidole kina wakati wake. Wako mafundi cherehani. Hatudai kwamba ususi ni dawa ya Parkinson, wala kwamba muziki hutibu kiharusi. Tunasema kwamba kidole kinachopewa kazi ngumu kiasi, mpya kiasi, na ya kila siku, kinaupa ubongo sababu ya kukitunzia nafasi yake. Aidha, kutembea kwa miguu, kulala vya kutosha na kupunguza chumvi na tumbaku hulinda mishipa inayoulisha ubongo huo.

Kwa wale mlio kazini bado, lipo neno moja zito. Mkono unaokosa uhakika juu ya kifyatulio ni hatari kwa mwenye mkono, kwa mwenzake aliye mbele, na kwa raia anayepita. Askari anayeficha utetemekaji wake kwa kuona haya anadhani anailinda heshima yake. Kumbe anaiweka rehani. Mwendee afande wako, mwendee tabibu wa kikosi, useme. Na wewe afande, ukijiwa na askari wako kwa jambo hilo, usimfanyie mzaha mbele ya wenzake. Mkono usiofaa tena kwa bunduki waweza kufaa kwa ghala, kwa daftari la kituo, na zaidi ya yote kwa kuwafundisha vijana. Yale aliyoyakusanya ubongoni kwa miaka 30 hayamo katika ncha za vidole tu.

Na tumrudie mzee wetu wa Ediofe, aliyesimama mlangoni na kifungo chake. Mjukuu asimpokonye koti, wala asimcheke. Ampe muda akifunge mwenyewe, kwani kukifunga ni zoezi lake la siku. Kisha kesho yake, Jumatatu, afuatane naye kituo cha afya akapimwe shinikizo la damu na kuangaliwa mkono. Ikiwa ni uzee, atakuwa amejua. Ikiwa si uzee, huenda akawa amewahi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa ubongo haujengwi mara mbili.

Tunawatakia zamu njema na usiku wa amani.